Ngoma ni ya nani? Mvutano wa waandalizi na mashabiki wa vikosi vya ngoma Marekani

KILA Agosti, maelfu ya watu hufurika katika uwanja wa Lucas Oil mjini Indianapolis, Marekani, si kutazama kandanda ya nchi hiyo bali kusikiliza ngoma na tarumbeta. Usiku wa fainali, vikosi 12 vya vijana huingia uwanjani kimoja baada ya kingine. Kila kimoja hupewa dakika zisizozidi 12 hivi kupiga, kutembea, kukimbia na kucheza mbele ya waamuzi. Baada ya kikosi cha mwisho kutoka, alama husomwa hadi sehemu ndogo kabisa ya desimali, na hapo ndipo vigelegele huchanganyika na minung'uniko.

Minung'uniko hiyo haiishi usiku huo. Huendelea majira yote ya baridi hadi msimu mwingine uanze. Waamuzi wamependelea, husema huyu. Vipaza sauti vimeua utamu wa shaba, hudai yule. Mwingine atakwambia tiketi zimekuwa ghali, na kwamba waliopewa dhamana ya kuutunza mchezo wamewasahau waliouinua. Mgeni akiwasikiliza kwa muda mfupi atadhani kwamba watu hawa wanauchukia mchezo wenyewe. Hata hivyo, msimu ukifika ni wao hao wanaosafiri mamia ya kilomita kwenda kuketi mahali pale pale.

Uhusiano huu wa waandalizi na mashabiki wao wakali umedumu kwa zaidi ya nusu karne, na si porojo za wapenda burudani. Ndani yake mna swali linaloikabili kila jamii iliyo na timu, kwaya au kikundi cha ngoma: sanaa inayochezwa na watoto wa watu na kugharimiwa na wengi ni ya nani hasa? Na anayeona kasoro ndani yake, amwambie nani?

VIKOSI VYENYEWE

Msomaji aliyewahi kuiona bendi ya polisi au ya jeshi ikipita siku ya Madaraka tayari ana mwanzo wa picha. Vikosi hivi pia hupiga huku vikitembea kwa mpangilio. Lakini havina zumari, filimbi wala vyombo vingine vya jamii hiyo. Vina vyombo vya shaba, ngoma za aina aina, marimba zinazopangwa mbele ya uwanja, pamoja na kundi la vijana wanaorusha bendera, bunduki za mbao na panga. Safu zao nazo haziendi mbele na nyuma tu kama za gwaride. Huchora duara, mawimbi na maumbo yanayovunjika na kuungana tena kwa kasi ambayo askari wa gwaride hawezi kuiwazia.

Kikosi kikubwa huwa na vijana 150 au zaidi. Wengi ni wa umri wa shule ya upili na chuo, na anayekaribia miaka 22 hana budi kuaga, hata awe hodari wa namna gani. Msimu wa kiangazi husafiri kwa mabasi, hulala kwenye sakafu za kumbi za michezo za shule, hufanya mazoezi kutwa juani na kutumbuiza jioni. Hawalipwi. Wao na wazazi wao ndio wanaolipa, na siku hizi ada ya msimu mmoja katika vikosi vya juu hufika maelfu ya dola.

Asili ya vikosi hivi ni jeshi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, askari waliorejea nyumbani walijiunga katika vyama viwili vikubwa vya maveterani, American Legion na Veterans of Foreign Wars. Matawi yao, pamoja na parokia za Kikatoliki na makundi ya skauti, yaliunda vikosi vya vijana na kuvipa ngoma na buruji. Mashindano yakafuata. Kikosi cha Cadets kilianza mwaka 1934 mjini Garfield, New Jersey. Boston Crusaders kilianza mwaka 1940, Cavaliers cha Chicago mwaka 1948, nacho Troopers cha Casper, Wyoming, mwaka 1957.

WALALAMISHI WALIOGEUKA WAANDALIZI

Ili kuuelewa mvutano wa leo, yafaa kukumbuka kwamba waandalizi wenyewe waliwahi kuwa walalamishi. Hadi mwisho wa miaka ya 1960, kanuni za mashindano makubwa zilitungwa na vyama vya maveterani. Wakurugenzi wa vikosi, watu waliokesha na vijana mazoezini, waliona kwamba hawakuwa na sauti. Kanuni zilibana ubunifu, malipo ya kushiriki yalikuwa haba, na namna ya kutoa alama iliamuliwa na watu wasiofundisha.

Mwaka 1971, vikosi vitano, yaani Cavaliers, Troopers, Blue Stars, Madison Scouts na Santa Clara Vanguard, viliungana na kutangaza kwamba vitasimamia mambo yao vyenyewe. Vikosi vya mashariki ya nchi vilifanya vivyo hivyo. Kutokana na muungano huo likazaliwa shirika la Drum Corps International, maarufu kama DCI, na ubingwa wake wa kwanza ukafanyika Agosti 1972 mjini Whitewater, jimbo la Wisconsin. Kikosi cha Anaheim Kingsmen cha California kilitwaa taji.

Hoja ya waasi hao ilikuwa nyepesi kueleweka: anayefanya kazi ndiye anayestahili kutunga kanuni. Lakini hoja hiyo iliacha pengo. Madaraka yalitoka mikononi mwa maveterani yakaingia mikononi mwa wakurugenzi wa vikosi. Hayakumfikia kijana anayepiga ngoma, wala shabiki anayekata tiketi. Mbegu ya malalamiko yote yaliyofuata ilipandwa siku hiyo. Shabiki aliachiwa haki moja tu, ya kupiga makofi au kutopiga.

SHABIKI ASIYE MGENI

Lakini shabiki huyu si kama yule wa soka, ambaye huenda hajawahi kuugusa mpira tangu aache shule. Aghalabu anayeketi jukwaani ni mchezaji wa zamani aliyewahi kulala kwenye sakafu zile zile. Kama si yeye, basi ni mzazi aliyelipa ada, au mwalimu wa muziki aliyewaleta wanafunzi wake. Yumo pia mfadhili, na mama anayejitolea kupika chakula cha watu 200 kutoka kwenye lori lililogeuzwa jiko. Anaujua muziki, anazijua hatua, na kosa dogo analiona.

Ndiyo maana lawama zake huuma. Mwandalizi hawezi kumwambia kwamba haelewi anachokisema. Vile vile, hawezi kumpuuza, kwa kuwa mtu huyu huyu ndiye anayenunua tiketi, ndiye anayechanga fedha, na ndiye anayemleta mwanawe ajiunge na kikosi.

Wakazi wa pwani yetu wanaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Tangu miaka ya 1890, miji ya Lamu na Mombasa ilikuwa na ngoma ya beni, iliyoiga bendi za kijeshi kwa tarumbeta, ngoma na gwaride, huku makundi kama Kingi na Skotchi yakishindana vikali mjini Mombasa. Mwanahistoria Terence Ranger aliyeandika kitabu kuihusu mwaka 1975 alionyesha namna mashindano hayo yalivyokuwa na mizizi katika maisha ya mitaa na koo. Mtazamaji wa beni hakuwa mtazamaji tu. Alikuwa na upande wake, ndugu zake walikuwa wanacheza, na heshima ya mtaa wake ilikuwa uwanjani. Hali ndiyo hiyo kwa shabiki wa kikosi cha ngoma Marekani.

KUTOKA BURUJI HADI VIPAZA SAUTI

Ugomvi wa kwanza na wa kudumu unahusu vyombo. Buruji ya asili haikuwa na vali, hivyo ilitoa sauti chache tu. Vali ziliongezwa hatua kwa hatua. Buruji za vali mbili ziliruhusiwa mwaka 1977 na za vali tatu mwaka 1990. Hata hivyo, zilibaki katika ufunguo wa sol, zikawa na mlio mpana na mkali ambao mashabiki waliuona kuwa utambulisho wa mchezo wao. Mtu aliyesimama mbele ya safu ya buruji 60 alihisi kishindo kifuani kabla hakijafika masikioni.

Mwaka 2000, DCI iliruhusu vyombo vya shaba vya ufunguo wowote. Mwaka 2004 vipaza sauti vikaruhusiwa. Mwaka 2009 zikaja kinanda za umeme na sauti zilizorekodiwa, na mwaka 2014 milango ikafunguliwa kwa tromboni na vyombo vingine vya shaba vilivyokuwa vimezuiwa. Kila hatua ilizua kilio. Wazee wa mchezo walisema kwamba kikosi cha ngoma sasa hakina tofauti na bendi ya kawaida ya shule.

Waandalizi nao walikuwa na sababu zao, na hazikuwa za ovyo. Buruji ya ufunguo wa sol haikuwa na soko nje ya vikosi hivyo. Kikosi kilichonunua vyombo vya ufunguo wa kawaida kingeweza kuviuzia shule msimu ukiisha na kurudisha sehemu ya fedha zake. Kijana aliyejifunza tarumbeta shuleni hakuhitaji kujifunza upya. Ama kuhusu vipaza sauti, wapiga marimba walikuwa wakilazimika kugonga kwa nguvu zote ili wasikike katika uwanja mkubwa, wakaharibu vyombo na kupoteza ulaini wa sauti.

Kwa hiyo pande zote mbili zilisema kweli. Mmoja alikuwa akitazama daftari la hesabu na ufundi wa mpigaji. Mwingine alikuwa akililia mlio usiopatikana mahali pengine duniani. Tatizo ni kwamba hawakukutana katika chumba kimoja. Mapendekezo ya kubadili kanuni hutoka kwa watu wa vikosi, na kura hupigwa na wakurugenzi. Shabiki hupata habari uamuzi ukiwa umekwisha kukatwa, na hapo kinachobaki kwake ni kulalama.

Jambo la paa ni mfano mwingine. Tangu mwaka 2009, fainali zimekuwa zikifanyika katika uwanja wa Lucas Oil ambao unaweza kufunikwa. Kwa mwandalizi, huo ni usalama: mvua haiwezi kuvuruga ratiba, joto halimzimishi mchezaji, na mji mwenyeji unajulikana miaka mingi mapema. Kwa msikilizaji aliyezoea viwanja vya wazi, sauti hugonga kuta na kurudi, muziki wa kasi ukavurugika kabla ya kumfikia. Wote wawili wako katika uwanja huo huo, lakini mmoja anahesabu hatari, mwingine anahesabu noti za muziki.

ALAMA ZILIPOACHA KUHESABIKA

Ugomvi wa pili ni wa waamuzi. Hadi mwaka 1983, sehemu kubwa ya alama ilitolewa kwa kupunguza. Mwamuzi alitembea miongoni mwa wachezaji na kalamu mkononi, na kila kosa alilolisikia au kuliona liliondoa sehemu moja ya kumi ya alama. Mfumo huo ulikuwa na ukatili wake. Kikosi kilichojaribu jambo gumu kiliadhibiwa kuliko kilichofanya jepesi. Lakini ulikuwa na faida moja kwa shabiki: kosa lilikuwa kosa, na hata aliyeketi jukwaani aliweza kulihesabu.

Kuanzia mwaka 1984, mfumo uligeuzwa. Waamuzi wakaanza kujenga alama kutoka chini kwa kupima ugumu wa kazi, ubora wa utekelezaji na mvuto wake kwa jumla. Leo mvuto wa jumla pekee hubeba alama 40 kati ya 100, muziki 30, na sura ya uwanjani 30. Ubunifu ulichanua kwa namna isiyoweza kukanushwa. Lakini ubishi nao ulihama. Zamani watu walibishana kuhusu hesabu. Sasa wanabishana kuhusu ladha, na ladha haina mizani.

Msimu wa 1993 ulilidhihirisha hilo. Kikosi cha Star of Indiana cha Bloomington, kilichoanzishwa katikati ya miaka ya 1980 kwa fedha za mfanyabiashara Bill Cook na kutwaa taji mwaka 1991, kilileta uwanjani muziki wa watunzi Samuel Barber na Béla Bartók, kikatumia rangi chache na miondoko ya kukatika katika. Haukuwa muziki wa kuimbwa njiani ukielekea nyumbani. Waamuzi waliupenda. Sehemu ya mashabiki waliuzomea. Katika fainali, Cadets walipata alama 97.4 na Star of Indiana 97.3.

Baada ya msimu huo, Star of Indiana haikurudi tena mashindanoni. Viongozi wake waligeukia ukumbi wa maonyesho, na kazi yao ikazaa onyesho la Blast!, lililofunguliwa London mwaka 1999, likaingia Broadway na kutuzwa tuzo ya Tony mwaka 2001. Nayo kazi ile iliyozomewa mwaka 1993 sasa inatajwa na wengi miongoni mwa kazi zilizoubadilisha mchezo mzima. Shabiki, basi, naye hukosea. Anaweza kukifukuza mlangoni kile ambacho wanawe watakuja kukiita johari.

Lakini si kila mara. Katikati ya miaka ya 2000, Cadets walianza kutumia maneno yaliyosemwa kwenye vipaza sauti juu ya muziki, na mwaka 2006 hadi 2008 masimulizi hayo yalitawala maonyesho yao. Mashabiki walilalamika kwamba hawakulipa kusikiliza hotuba. Walikuwa wakisema jambo ambalo msikilizaji yeyote angelithibitisha: maneno yalifunika kile ambacho vijana wale walikuwa wamekifanyia kazi mwaka mzima.

Mwaka huo huo wa 2008, kikosi cha Phantom Regiment cha Rockford, Illinois, kilileta hadithi ya Spartacus, mtumwa aliyeasi dola ya Roma. Umati uliifuata hadithi hiyo kwa miguu na kwa sauti kutoka mwanzo wa msimu, na fainali ilipofika kikosi hicho kikatwaa ubingwa kwa alama 98.125 dhidi ya 98.100 za Blue Devils. Tofauti ya alama 0.025 ndiyo iliyowakutanisha waamuzi na jukwaa. Wapo wanaoutaja usiku huo hadi leo kama ithibati kwamba kazi ya ufundi wa juu inaweza pia kueleweka.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa na kila anayependa kuzomea. Aliyeuchagua muziki, akaandika masimulizi na kubuni mavazi ni mtu mzima anayelipwa, naye huwa ameketi pembeni. Anayesimama mbele ya umati ni kijana wa miaka 17 aliyelipa ili awepo pale. Zomeo likitupwa uwanjani, humpiga asiyehusika. Mashabiki wazoefu hulijua hilo. Humpigia makofi mchezaji, kisha wakamwandikia barua mkurugenzi.

FEDHA NA MADARAKA

Ugomvi wa tatu ni wa fedha. Katika miaka ya 1970, Marekani ilikuwa na mamia ya vikosi vya vijana, vingi vikiwa vya mtaa au parokia. Leo vinavyoshiriki mashindano ya DCI ni makumi machache tu. Gharama za mabasi, mafuta, chakula, bima na walimu zimevimaliza vidogo. Vilivyobaki vinatafuta riziki kila pembe. Vikosi kama Blue Devils na Santa Clara Vanguard, vyote vya California, vimetegemea mno mapato ya kumbi za bingo.

Mwaka 2010, vikosi saba vikubwa viliwasilisha pendekezo mbele ya wenzao. Kwa ufupi, vilitaka viwe na usemi mkubwa zaidi katika uendeshaji wa DCI na sehemu kubwa zaidi ya mapato, vikidai kwamba ndivyo vinavyowavuta watazamaji. Pendekezo hilo halikukusudiwa kuonwa na umma, lakini lilivuja. Hasira ya mashabiki ilikuwa kubwa, na haikuwa hasira ya wafuasi wa vikosi vidogo pekee. Waliovipenda vikosi hivyo saba nao walihoji: mkiua vidogo, wenu watajifunzia wapi?

Hoja ya vikosi vikubwa haikuwa tupu. Ni kweli kwamba wengi hukata tiketi kuwaona mabingwa. Lakini mashabiki waliona kile ambacho daftari la mapato halikionyeshi, kwamba mtoto wa mji mdogo huanza katika kikosi kidogo kabla ya kukwea ngazi. Mwishowe DCI haikuvunjika. Mwaka 2011 vikosi vile vikapewa maonyesho yao maalumu, na muundo wa zamani ukabaki. Hatuwezi kusema kwamba kelele za mashabiki peke yake ndizo zilizoamua, maana vikosi vingine vilikuwa na kura zao. Hata hivyo, baada ya siri kutoka nje, hakuna aliyeweza tena kulizungumzia jambo lile kana kwamba lilikuwa la watu saba.

Ubingwa wenyewe nao siri yake ilikuwa bei. Kwa miaka mingi, ulionyeshwa na runinga ya umma ya PBS, ambapo mtu yeyote angeweza kuutazama bure. Baadaye ukahamia runinga ya kulipia, kumbi za sinema, na huduma ya intaneti ya kulipia. Wapenzi wa mbali wanapata maonyesho mengi kuliko zamani. Lakini yule mtoto ambaye angebonyeza kituo kwa bahati na kupigwa na butwaa, huyo hana tena pa kubahatishia.

LALAMIKO LILILOKOSA PA KWENDA

Yote hayo ni ya sauti, alama na fedha. La nne ni la watu, nalo ndilo zito.

Aprili 2018, gazeti la Philadelphia Inquirer lilichapisha tuhuma za wanawake tisa waliodai kudhulumiwa au kunyanyaswa kimapenzi na mkurugenzi wa miaka mingi wa Cadets. Mkurugenzi huyo alijiuzulu, na wanachama wa bodi iliyokuwa ikimsimamia nao wakaondoka. Tuhuma zilirudi nyuma miongo kadhaa. Katika miongo hiyo, kikosi kilikuwa kimetwaa mataji kumi, na jukwaani watu walikuwa wamejadili kila noti na kila hatua yake.

Baadaye kikosi hicho kikakabiliwa na kesi ya madai ya dhuluma inayodaiwa kutokea miaka ya 1980. Mwaka 2024, Cadets kilitangaza kwamba kinafunga shughuli zake, gharama za kesi na bima zikiwa zimekishinda. Kikosi kilichoanza mwaka 1934, kilichopita salama katika Vita Vikuu vya Pili na katika kila badiliko la kanuni, kilimalizwa na mambo ambayo hayakuwahi kuandikwa kwenye karatasi ya mwamuzi.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini neno huhitaji mahali pa kusemewa. Shabiki aliyechukizwa na kipaza sauti alijua pa kupeleka lalamiko lake, hata kama halikusikizwa. Kijana aliyedhulumiwa hakuwa na mlango kama huo. Aliyepaswa kumlalamikia ndiye aliyemchagua, ndiye aliyempangia nafasi uwanjani, na ndiye aliyeshangiliwa na umati kila Agosti. Sifa za jukwaa, bila kukusudia, huweza kumjengea ukuta anayestahili kuulizwa maswali.

Tangu mwaka 2018, DCI imekaza kanuni za maadili na za kuwalinda vijana, na imevitaka vikosi kuwachunguza watu kabla ya kuwakabidhi watoto. Miongoni mwa mashabiki pia limezuka lalamiko la aina mpya. Hawaulizi tena kwa nini kikosi fulani kimeshika nafasi ya tano pekee. Wanauliza bodi ya kikosi ina nani, nani anaweza kumwachisha kazi mkurugenzi, na hesabu za fedha zimekaguliwa na nani.

Maswali ya fedha nayo si ya kupuuza. Santa Clara Vanguard, mabingwa wa mwaka 2018, walishindwa kushiriki msimu wa 2023 kwa sababu ya hali ya kifedha, wakarejea mwaka 2024. Ubingwa na uhai wa kikosi ni vitu viwili tofauti, na umati unaopiga makofi hauwezi kuutambua ugonjwa ulio ndani ya vitabu vya hesabu.

YAPI YA KUZINGATIWA?

Historia hii inatuonyesha kwamba malalamiko ya mashabiki si ya namna moja, na mwandalizi anayeyaweka yote katika kapu moja hujidhuru. Yapo ya ladha. Haya yasikizwe kwa adabu, lakini yasitawale, kwa sababu jukwaa lililozomea mwaka 1993 lilikuwa likizomea mustakabali wake. Yapo ya haki, yanayouliza nani anaamua na kwa manufaa ya nani. Haya yanahitaji majibu ya wazi kabla ya kura kupigwa. Na yapo ya usalama wa vijana. Haya hayangoji msimu uishe, wala hayapimwi kwa mataji.

Mashabiki nao wana wajibu wao. Anayelalamika kuhusu kila kitu kwa sauti ile ile humfanya mwandalizi azibe masikio, na siku ya neno zito litapita kama yale mepesi. Aidha, anayependa kikosi kiasi cha kutotaka kusikia baya lolote kukihusu hakisaidii. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na si tembo peke yake linaloharibika. Wapo wanaolinywa.

Agosti 2025, Boston Crusaders walitawazwa mabingwa wa DCI kwa mara ya kwanza. Kikosi kilichoanzishwa mwaka 1940, na kilichokuwa miongoni mwa waasisi wa shirika hilo, kilikuwa kimesubiri zaidi ya miaka 50. Ndani ya miaka hiyo kilifunzwa, kikafadhiliwa na kukosolewa na watu ambao wengi wao hawakuiona siku hiyo. Hao ndio mashabiki ambao waandalizi huwaona kuwa wasumbufu. Ukiwaondoa, uwanja utakuwa kimya sana, na alama zitasomwa mbele ya viti vitupu.